Watu wa Ubao

Kwa miaka kadhaa nilifundisha kemia ya mwaka wa kwanza Chake Chake, Pemba, katika tawi dogo la chuo kikuu lililokuwa na madarasa machache, mabati yenye kelele wakati wa mvua, na maabara moja. Watu wakisikia hivyo husema mashaallah, na mimi huwaitikia tu, maana kuwaeleza yaliyokuwamo ni kazi. Hapa nataka kusema habari za mwanafunzi mmoja, mwanamke kijana wa Tumbe, aliyekuwa akitaka jambo moja: amalize masomo ya sayansi arudi kwao kufundisha kemia katika skuli ileile aliyosoma, kwa sababu mwalimu wao wa kemia alikuwa mmoja na ameshazeeka. Hakumaliza. Akili alikuwa nayo, tena nyingi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Darasa langu liligawika siku ya kwanza bila ya mtu kuligawa. Mbele walikaa waliosoma Unguja, au hapa mjini katika skuli zenye vyombo. Nyuma walikaa waliotoka Konde, Tumbe na vijiji vya huko juu kaskazini, wanawake pembeni karibu na dirisha, wanaume karibu na mlango. Wa mbele waliwahi kushika bureti, ile bomba ndefu ya kioo ya kupimia tindikali. Wa nyuma waliwahi kuiona imechorwa. Kimoyomoyo nikawaita watu wa ubao, kwa kuwa kemia yao yote iliandikwa kwa chaki na kufutwa kwa kitambaa.

Mimi mwenyewe ni mtu wa mbele, sina budi kulisema hilo. Nimezaliwa Madungu, hapahapa mjini, katika ukoo uliokuwa na mashamba ya karafuu ukaja kubakiwa na nyumba inayovuja na tabia ya kujiona. Baba alinipeleka Unguja kwa mjomba wangu nikasome, na huko nikakuta maabara yenye maji ya bomba, nikaona ndivyo dunia ilivyo. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba binti wa umri wangu, mwenye kichwa kama changu, alikuwa Tumbe wakati huohuo akichora bureti ambayo hataishika.

Ilikuwa ile miaka ambayo vyama vingi vilishaingia na sisi tukajifunza kuchunguzana. Duka la fulani halinunuliwi, harusi ya fulani haiendwi, na maziko nayo yakaanza kuwa na wenyewe. Kaskazini yote ilihesabiwa kuwa ya upande mmoja, na watu wa huko walisema waziwazi kwamba ndiyo maana skuli zao hazina maabara. Mjini wakasema hao ni wavivu na walalamishi. Mimi sijui nani aliamua nini, na katika ofisi gani. Najua kwamba maabara hazikuwapo, na kwamba watoto waliokosa maabara waliletwa kwangu nikaambiwa niwafundishe sawasawa na waliokuwa nazo, kwa Kiingereza, kwa kasi moja, na kwa mtihani mmoja. Huo ndio uliitwa usawa.

Huyu wa Tumbe simkumbuki katika wiki za mwanzo. Alikuwa kimya, ameinamia daftari. Nilimjua siku niliyoinua chupa ya fuwele za buluu ili darasa lizione, nikijitayarisha kuuliza ni chumvi gani. Kabla sijafungua mdomo, kule nyuma dirishani kulianza mvumo wa sauti. Alikuwa yeye na wenzake wawili wa skuli yake, wanasoma kwa pamoja, kwa mahadhi kabisa, kama watu wanaodurusu madrasani: rangi yake, ikipashwa moto huwa hivi, ikitiwa maji hurudi hivi, ikitiwa dawa hii hutoa mashapo ya rangi hii, zidisha dawa yatayeyuka, na jina lake ni hili. Yote sahihi. Wa mbele wakacheka mpaka mmoja akalaza kichwa juu ya meza. Wale watatu wakanyamaza, na yeye akarudi kwenye daftari lake.

Baada ya kipindi nikamwita barazani. Hakuwa na haya kama nilivyodhani, alikuwa anashangaa. Akanieleza kwamba kwao mwalimu alikuwa na sanduku la chupa za chumvi kavu zilizobaki tangu zamani, za nani hata mwenyewe hakujua. Tindikali hakuwa nayo, wala spiriti ya kupashia moto, na maji yalitoka kisimani. Kwa hiyo siku ya somo la vitendo mwalimu alisimama mbele, akainua chupa, na darasa likajibu tabia zake zote mpaka jina. Kisha anainua nyingine. Yeye binti ndiye aliyekuwa akianzisha, wenzake wakimfuata. Nikamuuliza kama hata siku moja hawakufungua chupa. Akaniangalia kwa upole.

"Sie kwetu dawa haifunguliwi, mwalimu. Ikifunguliwa yaisha, na wadogo zetu watasoma nini?"

Alimsema mzee yule kwa mapenzi, na mimi nikampenda mzee yule bila ya kumjua. Alikuwa amewapa alichokuwa nacho. Watoto wake walitoka wanajua tabia za chumvi kuliko nilivyozijua mimi nilipokuwa na umri wao, ila walidhani kwamba kuzijua ndilo jaribio lenyewe.

Katika maabara yetu wanafunzi walifanya kazi kwa makundi, vyombo havikutosha. Nikachanganya makundi, wa mbele na wa nyuma, nikajiona nimefanya jambo kubwa. Nikipita baina ya meza naona kila kundi limeshagawana kazi lenyewe: wa mjini wanamimina, wa ubao wanaandika. Ukiwauliza, wote wanakwambia wameridhika. Wa mjini wanasema huyu ana hati nzuri. Wa ubao wanasema wao watavunja. Nikimshika mkono yule wa Tumbe nikamtia tyubu ya kioo kiganjani, anaishika kwa vidole viwili, na mimi nikigeuza mgongo tu imesharudi kwa mwenzake. Nilikasirika sana siku hizo. Nilipiga kelele, nikasema mambo kuhusu watoto wa mjini ambayo hayakuwasaidia watoto wa mjini wala wa shamba.

Mwisho nikaamua kuwafungulia maabara watu wa ubao peke yao, Alkhamisi alasiri, kila mmoja na chombo chake. Nikawaambia humu Kiswahili ruhusa, na chao cha nyumbani pia. Maabara ilibadilika. Walizungumza kwa sauti, walibishana, walicheka. Kijana mmoja wa Konde, ambaye nilikuwa nikimdhani bubu, alikuwa na maneno mengi hata nikamwomba apunguze. Tulianza na bureti, kwa sababu bureti huwezi kuikariri; namba inayotoka ni ya siku ile na ya mkono wako. Yule wa Tumbe alipopata namba yake ya kwanza aliitazama muda mrefu, akaniuliza kama ni hiyo. Nikamwambia sijui, mimi sikuwa ndani ya bureti yako. Akacheka, akarudia kupima, akapata karibu na ileile. Nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa na furaha ya kipumbavu, nikamwambia mume wangu kwamba hawa nitawafikisha. Chumvi tulikuwa hatujazigusa. Nilizipanga baadaye, nikijua kwamba chumvi ndizo ngumu zaidi kwao, kwa kuwa wanazijua.

Hatukufika. Mkuu wa tawi aliniita ofisini, akaniagizia chai, akaniulizia wazee wangu mmoja mmoja, na nikajua kwamba nitaambiwa jambo baya. Akasema kwamba wanafunzi wa mbele wamelalamika kuwa napendelea. Hilo nilikuwa na jibu lake. Kisha akashusha sauti akasema kuna maneno mtaani: kundi la watu wa kaskazini, wote wa huko, hakuna mwengine, linakutana Alkhamisi katika chumba kilichofungwa milango na madirisha, na kampeni ndiyo hizi zimeanza. Watu wanauliza ni mkutano wa nini.

Nikamwambia tunapima tindikali. Nikamwambia madirisha tunayafunga kwa sababu upepo unatikisa bureti, namba hazisomeki. Akasema anaamini, yeye anaamini kabisa. Akasema pia kwamba yeye ana watoto, na mimi nina watoto, na hakuna katika sisi anayejua mwaka huu utaishaje. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, kama tulivyoogopa wote, na woga wake ulikuwa na muhuri. Alkhamisi zikafungwa. Niliwaambia wanafunzi kwamba tutaendelea baada ya uchaguzi. Baada ya uchaguzi hatukuendelea na chochote kwa muda mrefu. Chuo kilifungwa, watu walijifungia ndani, na tuliporudi mtihani ulikuwa umeshafika mlangoni.

Mwalimu wa somo haruhusiwi kusimamia mtihani wa somo lake, kwa hiyo sikuwamo. Niliyakuta matokeo mezani. Swali la vitendo lilikuwa la chumvi moja isiyotajwa jina: waichunguze, waandike wanachokiona, wataje ni nini. Ilikuwa chumvi ya chuma, ile ya kijani hafifu, ambayo ukiiyeyusha kwa maji kisha ukaitilia kemikali ya pili hutoa mashapo ya kijani kichafu. Hivyo ndivyo ulivyosema mwongozo wa kusahihishia, uliotoka makao makuu. Lakini Pemba ina unyevu. Chupa ile ilikuwa imekaa kwenye rafu yetu misimu mingi ya masika, na chumvi ilikuwa imeharibika. Kijani kilikuwapo kwa macho, lakini ukiitilia kemikali hiyo, mashapo yalitoka ya kahawia, rangi ya kutu, mara moja. Niliijaribu mwenyewe nikaona. Karibu darasa zima liliandika kahawia. Tukakubaliana na wasahihishaji kwamba kahawia ipewe maksi zake, kwa kuwa ndiyo iliyoonekana.

Karatasi moja tu iliandika kijani. Iliandika kijani kichafu, na kwamba yakiachwa yatageuka kahawia juu, na kwamba dawa ikizidishwa hayayeyuki, na jina la chumvi, kila kitu kwa mpangilio wa mwongozo, karibu neno kwa neno. Niliijua hati ile kabla ya kuangalia namba. Nikakaa na karatasi ile nikajua kilichotokea, na nikajua pia watakachosema.

Wasahihishaji walisema ameuona mwongozo. Nani amempa, ndilo likawa swali, na macho yakazunguka yakanifikia mimi, wa Alkhamisi. Akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na mwenyekiti wake akaja kwa ndege kutoka makao makuu, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na sauti ya taratibu. Kosa likithibiti, anafukuzwa chuo. Kaka zake wawili, wanaobeba samaki kwa baiskeli kutoka Tumbe mpaka Konde, walikuwa wamekuja naye. Wakakaa nje barazani na kanzu zao za Ijumaa.

Nilizungumza kwanza. Nilieleza habari ya sanduku la chupa, mwalimu mzee na mahadhi. Nilisema kwamba mwongozo na daftari la mwalimu yule vimetoka katika vitabu vilevile vya zamani, ndiyo maana maneno yanafanana. Nilizungumza vizuri, nadhani, lakini waliniangalia kwa macho ya watu wanaosikiliza hadithi. Mjumbe mmoja, msomi wa mjini kama mimi, akasema haiwezekani mtu akahifadhi yote hayo kwa kuimba.

Ndipo yeye akaomba ruhusa ya kusema. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mapaja.

"Niinulieni chupa yoyote. Nitakwambieni."

Mwenyekiti akatabasamu, akamtuma mtu maabara. Wakaleta chupa, wakazifunika karatasi za majina, wakaziinua moja moja. Akazijibu zote. Mwanzo aliongea, kisha mahadhi yakamchukua, akafumba macho baina ya chupa na chupa. Buluu, nyeupe, ile ya waridi, ile inayonuka ikipashwa moto. Waliinua hata ya chuma, ya safari hii mpya na safi, akaisoma kama alivyoiandika. Msomi wa mjini alikuwa akifuatisha kwenye kitabu kwa kidole, na mwisho akakifunga kitabu. Mwenyekiti akasema mashaallah. Akasema kwa upande wake suala la wizi wa mwongozo limekwisha, binti huyu hakuiba kitu, na wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nilihisi machozi yananilenga. Nilianza hata kukusanya karatasi zangu.

Kisha mwenyekiti akamgeukia binti, bila ya ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujua tu.

"Siku ya mtihani, mwanangu, ulipotia ile kemikali ya pili, uliona rangi gani hasa?"

Nilijua jibu.

"Sikutia," akasema.

"Hukutia kwenye tyubu?"

"Sikutia. Ile chumvi nilipoitazama tu nshaijua. Kukitilia dawa kitu ushakijua ni israfu."

Alilisema kwa heshima, na kwa fahari kidogo, kama mtu anayeonyesha malezi mema. Na yalikuwa malezi mema. Hakuna mtu katika chumba kile aliyeweza kumwambia kwamba israfu, kuharibu neema bure, si jambo baya. Wakamwomba atoke, akatoka.

Nililolisema baada ya hapo nimelisahau kwa sababu nililisema kwa hasira, na hasira zangu hufanana. Nakumbuka kwamba nilizungumza habari za Alkhamisi, na mkuu wa tawi, aliyekaa pamoja na kamati, akaangalia chini. Nakumbuka kwamba niliomba apewe tyubu moja na nusu saa. Mwenyekiti akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli, kwamba mtihani ulikuwa wa vitendo, na mtu huyu kwa kinywa chake amesema hakutenda. Hatuwezi kumpa maksi za kuona asichokiona. Wizi hakuna, kwa hiyo hafukuzwi chuo. Lakini vitendo ni sifuri, na mwenye sifuri ya vitendo ameanguka kemia, na aliyeanguka kemia ya mwaka wa kwanza anatoka sayansi, hakuna kurudia. Akitaka, upande wa lugha wana nafasi. Taratibu ni moja kwa wote, akasema, na tukianza kumtazama kila mtu alikotoka hatutamaliza. Wakaandika, wakatia saini, na muadhini akawa anaadhini adhuhuri, wakainuka kwenda kusali. Mwenyekiti alikuwa na ndege ya mchana.

Wakaniachia mimi nimwambie.

Alikuwa barazani na kaka zake, na wote watatu walikuwa wanacheka. Mmoja alishaanza kuiga sauti ya mwenyekiti akisema mashaallah. Aliponiona akanijia, akanishika mkono akaubusu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniambia kwamba alijua tangu mwanzo watamwamini wakimsikia. Kaka mkubwa akaniombea dua, mimi na wazee wangu. Akasema mwalimu mzee kule Tumbe atafurahi, amekuwa hali chakula kwa wasiwasi. Niliwaacha wamalize. Kisha nikawaambia yote, kwa Kiswahili chepesi kabisa, nikimtazama yeye tu.

Hakulia. Alinisikiliza kama alivyokuwa akinisikiliza darasani, akitafuta mahali hasa alipokosea. Kaka zake waliacha kucheka mmoja baada ya mwengine.

"Mie nlidhani wataka kujua kama nnajua," akasema. "Kumbe walikuwa wataka nitazame tu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Mbona hakuna alonambia?"

Nilikuwa na majibu mengi, ya vyama, ya madirisha yaliyofungwa, ya sanduku la chupa, ya mimi na watu wangu na mjomba wangu wa Unguja. Yote kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu la swali alilouliza. Tangu siku ile nimekaa katika mikutano mingi ya kuzungumzia usawa wa elimu, na kila ninapokaa najua kwamba sina imani tena, nimekwenda kwa mazoea.

Lakini pale barazani yeye alikuwa ameshafika kwingine. Uso wake ulikuwa umeshakunjuka, ule uso wa mtu aliyepata namba yake kwenye bureti.

"Basi sasa nnajua," akasema. "Kutazama si kazi. Waambie n'tatazama, hata sasa hivi."

Nikamwambia wamekwenda kusali. Akasema haidhuru, atawasubiri watoke. Akakaa kwenye benchi, akajitengeneza mtandio, na kaka zake wakakaa ubavuni mwake huku na huku wakiangalia upande wa msikiti.